Mama hakuwa mkorofi, alikuwa anaumwa: barua ya wazi kwa Bodi ya makazi ya wazee

Ilemela, Mwanza
9 Juni 2025

Kwa Mwenyekiti na Wajumbe wa Bodi ya Wadhamini,
Kwa Meneja wa Makazi,
Nakala: Afisa Ustawi wa Jamii wa Mkoa.

Waheshimiwa,

YAH: MAUMIVU YA WAZEE WENYE DEMENSIA YASIYOTAFUTWA WALA KUTIBIWA

Tafadhali husikeni na somo tajwa hapo juu.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa sayansikimu, mtoto wa tatu wa mmoja wa akina mama wanaoishi katika makazi mnayoyasimamia hapa kandokando ya ziwa. Jina langu na jina la mama yangu mnayo katika barua niliyoikabidhi ofisini kwenu tarehe 20 Januari, na katika barua ya pili ya tarehe 17 Machi, ambayo nakala yake ninayo ikiwa na muhuri wa kupokelewa. Ya kwanza ilijibiwa kwa mdomo, kwamba suala linafanyiwa kazi. Ya pili haikujibiwa. Mwezi Aprili niliomba kuonana na Bodi, nikaketi kwenye benchi la nje tangu saa tatu asubuhi hadi saa saba mchana, kisha nikaambiwa kikao kimeahirishwa. Ndiyo maana leo naandika mahali ambapo kila mtu anaweza kusoma.

Makazi yenyewe sitayataja kwa jina. Wazee wale wanakula kwa michango ya waumini na wafanyabiashara wa mji huu, na jina likichafuka, wa kwanza kukosa uji si mjumbe wa Bodi. Zaidi ya hayo, nimezungumza na watu wenye wazazi kwingineko, na ninayoyaeleza hapa hayakuwashangaza.

Mama ana miaka 83. Kwa zaidi ya miaka thelathini alianika dagaa mwaloni Igombe, akitulea kwa mikono ile ile ambayo leo imeandikwa kwenye faili lenu kuwa inapiga watu. Ana demensia, ugonjwa wa ubongo unaomnyang'anya mtu kumbukumbu na uwezo wa kufikiri. Kumbukumbu zilimtoka taratibu. Alianza kusahau bei, akasahau majina ya wajukuu, mwishowe Kiswahili nacho kikamponyoka, akabaki na Kisukuma cha utotoni mwake. Alipoanza kutoka usiku akielekea ziwani, ndugu tulikaa tukakubaliana kwamba nyumbani hatumwezi tena. Mlimpokea vizuri, na hilo sitalikana mbele ya mtu yeyote. Mwaka wa kwanza alinenepa, na asubuhi alikuwa akiimba.

Novemba mwaka jana nikaambiwa mama amekuwa mkorofi. Anawapiga wahudumu wakati wa kuvishwa, anang'ata, anasukuma sahani, usiku anapiga kelele hadi wenzake hawalali. Aliandikiwa sindano ya kumtuliza, kisha vidonge vya haloperidoli, dawa ya kundi la dawa za magonjwa ya akili. Akatulia kweli. Jumapili iliyofuata nilimkuta ameketi kwenye kiti cha plastiki, mate yanamtoka, shingo imekakamaa, wala hakugeuka nilipomsalimia kwa Kisukuma, "Mwangaluka". Nilielezwa kwamba ugonjwa umeingia hatua nyingine.

Magauni ya mama huwa nayashona mwenyewe. Desemba nilirudishiwa gauni moja likiwa limefumuka kwapani, upande wa kushoto, nikalishona. Baada ya wiki mbili lilirudi limefumuka pale pale. Lilipokuja mara ya tatu sikulishona. Nilikaa nalo mapajani, kwa sababu nilifundisha ushonaji miaka ishirini na sita na najua kwamba mshono ukiachia sehemu ile ile mara tatu, kosa si la uzi, na fundi hana budi kujiuliza mwili ulioko ndani ya nguo unafanya nini. Nilikuja siku ya katikati ya wiki, isiyo ya wageni, nikauliza kila niliyemkuta. Aliyenijibu ni dada wa usafi. Alisema: "Mimi hajawahi kunipiga hata siku moja. Ila mimi simvalishi gauni, namfunga khanga tu."

Tarehe 11 Januari mama alipigwa picha ya eksirei. Mfupa wa juu wa mkono wa kushoto ulikuwa umevunjika karibu na bega, na ulikuwa umeanza kuunga vibaya. Daktari alisema ni jeraha la wiki kadhaa. Katika faili hakuna siku iliyoandikwa kwamba mama alianguka. Kwa hiyo kwa wiki hizo zote, kila asubuhi, mkono uliovunjika uliinuliwa juu ya kichwa ili upite katika mkono wa gauni nililolishona mimi, na alipojitetea alichomwa sindano.

Sitaki fidia, wala sitaki mhudumu yeyote afukuzwe. Nataka mambo yafuatayo yasikilizwe.

1. Faili linaandika tabia, haliuandiki mwili.

Niliruhusiwa kuliona faili la mama kwa dakika chache. Maneno yaliyojirudia ni "mkorofi", "msumbufu", "anapigana", "amechanganyikiwa". Hakuna palipoandikwa ni saa ngapi alipigana, akifanyiwa nini, akiguswa wapi. Lau mtu mmoja angeandika kwa wiki moja tu kwamba hupigana anapovishwa na hatulii hadi mkono wa kushoto uachiwe, jibu lingepatikana Novemba.

Kuna sentensi moja niliyoinakili kwa mkono: "Usiku kucha anamwita marehemu mama yake." Ni kweli alikuwa akiita "Mayu! Mayu!", na mayu kwa Kisukuma ni mama. Lakini, waheshimiwa, ni nani kati yetu aliyejikwaa kidole kwenye jiwe asiseme "Mama weee!"? Tunapoumia sote tunamwita mama, hata sisi ambao mama zetu wamezikwa miaka mingi. Mwandishi wa zamu ile amelia hivyo mara ngapi katika maisha yake mwenyewe, na bado alipolisikia neno hilo kwa mgonjwa wa demensia aliona kuchanganyikiwa na hakuona maumivu.

Mniruhusu niseme jambo zito kidogo. Huku kwetu Usukumani, bibi wengi wameuawa kwa tuhuma za uchawi kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoiva kwa moshi wa kuni na samadi walizopikia familia zao. Watu waliona alama ya mwili wakaisoma kama tabia ya moyo. Silinganishi makazi yenu na unyama ule, na wapo wazee waliofika kwenu wakiukimbia. Ninachosema ni kwamba kosa la kusoma ni lile lile. Mwili unaonyesha jambo, na sisi tunaandika hukumu juu ya mtu.

2. Imeaminiwa kwamba asiyeweza kueleza maumivu hayasikii.

Nilielezwa hivi na mtu mwenye cheo kwenu, kwa upole kabisa, kama mtu anayenifariji: kwamba ubongo ukishafikia hatua ile, maumivu hayafiki. Si kweli. Demensia huharibu njia ya kuyakumbuka, kuyataja na kuyaeleza maumivu, lakini kuyasikia kunabaki. Mwaka 2006 watafiti wa Australia walichapisha matokeo ya kuwabonyeza kidole gumba wagonjwa wa Alzheimer, ambayo ni aina mojawapo ya demensia, na wazee wasio na ugonjwa huo huku wakiutazama ubongo wao kwa mashine, na sehemu za ubongo zinazopokea maumivu hazikuonyesha kufanya kazi pungufu kwa wagonjwa hao. Chama cha kimataifa cha wataalamu wa maumivu, IASP, kilipoifanyia marekebisho tafsiri yake ya maumivu mwaka 2020, kiliandika wazi kwamba kushindwa kujieleza hakuondoi uwezekano wa kuwa mtu anaumia.

Hata hivyo dhana hiyo ina matunda yake, na si kwetu tu. Mwaka 2000 ulichapishwa utafiti wa New York kuhusu wazee waliovunjika nyonga. Wenye demensia kali walipewa theluthi moja tu ya morfini, dawa kali ya maumivu, waliyopewa wenzao wenye akili timamu, ingawa mfupa ni ule ule na mvunjiko ni ule ule. Asiyeweza kudai hupunjwa, sokoni na hospitalini pia.

Mtaniambia kwamba mama aliulizwa "Unaumwa?" naye akajibu "Hapana". Naamini aliulizwa. Lakini mnamuuliza mwanamke aliyejifungua watoto saba na kurudi mwaloni kabla arobaini haijaisha. Kwa kizazi chake, kuumwa ni kulala kitandani usiweze kuinuka, na mengine yote ni maisha tu. Mzee wa namna hii huulizwa kwa maneno ya karibu, mtu akiwa ameweka mkono juu ya sehemu yenyewe: hapa pakoje, panachoma, panavuta, pamekaza? Huulizwa kuhusu sasa hivi na si kuhusu jana, maana jana hana. Husubiriwa, kwa kuwa jibu lake hutembea taratibu. Wengi wenye demensia ya mwanzo na ya kati wanaweza kujibu ndiyo au hapana wakiulizwa hivyo, na jibu lao lafaa kuaminiwa. Wale ambao hawawezi tena ndio wanaohitaji hoja yangu ya tatu.

3. Hakuna kipimo chochote cha maumivu kinachotumika.

Binti yangu anasomea uuguzi, na yeye ndiye aliyenieleza kwamba vipimo hivi vipo tangu zamani na havihitaji mashine. Kimoja kinaitwa PAINAD, kilichochapishwa Marekani mwaka 2003 kwa ajili ya wagonjwa wa demensia kali. Mhudumu anamtazama mzee kwa dakika chache katika mambo matano. La kwanza ni pumzi: anapumua kwa utulivu, au anahema na kuna vipindi vya kutweta? La pili ni sauti, kuanzia kuguna hadi kilio na kelele zisizokoma. La tatu ni uso: umetulia, una huzuni na hofu, au umejikunja? La nne ni mwili, yaani kama amelegea, anahangaika, amekaza ngumi, amekunja magoti hadi tumboni, anasukuma na kupiga. La tano ni kama anatulizika, kwa sauti au kwa mkono wa mtu, ama hatulizwi na chochote. Kila jambo hupewa 0, 1 au 2, na jumla haizidi 10.

Kupigana kwa mama kulikuwamo humo, katika jambo la nne. Yaani kitendo kilichompatia sindano, katika kipimo hiki ni alama mbili za maumivu.

Ni lazima mzee atazamwe mara mbili, akiwa ametulia na akiwa anasogezwa. Mama ameketi alikuwa na uso wa amani. Mama anavishwa alikuwa mtu mwingine. Daktari wenu wa kutembelea alimwona ameketi, na simlaumu, ila asubuhi ya kuvishwa hakuwapo.

Naomba niwe mkweli pia kuhusu upande wa pili wa kipimo hiki. Alama nyingi hazithibitishi maumivu peke yake. Mzee mwenye hofu, mwenye njaa, aliyelowa mkojo na anayesikia baridi naye anaweza kupata alama nyingi. Kipimo hakitaji ugonjwa, kinamwambia mhudumu asiende zake. Baada yake ndipo mwili unakaguliwa kutoka utosini hadi kwenye nyayo: meno na ufizi, masikio, mabega na magoti yenye baridi yabisi, vidonda vya kulalia vilivyojificha kiunoni na visiginoni, tumbo lililofunga choo kwa siku nne, kibofu kilichojaa mkojo usiotoka. Yapo na ya huku kwetu. Katika wodi ya wanaume yuko mzee aliyelima mpunga majarubani maisha yake yote, na anasemwa kuwa hukataa kupelekwa msalani na kujikojolea kwa makusudi. Kichocho cha mkojo katika malambo na majaruba yetu ni jambo la kawaida, na kukojoa kwa mwenye ugonjwa huo huchoma. Je, kuna aliyewahi kuupima mkojo wake?

4. Dawa ya kutuliza imetangulizwa mbele ya dawa ya maumivu.

Hili ndilo lililonifanya nikose usingizi. Haloperidoli haiondoi maumivu ya mfupa. Inachoweza kufanya ni kumnyang'anya mgonjwa nguvu ya kuyaonyesha. Mama hakupata nafuu mwezi Desemba. Alinyamazishwa, sisi tukashukuru.

Tena dawa za kundi hilo si za mchezo kwa wazee wa aina yake. Mwaka 2005 mamlaka ya dawa ya Marekani iliweka juu ya dawa mpya za kundi hilo onyo lake kali kuliko yote, kwamba kwa wazee wenye demensia zinaongeza hatari ya kifo, na mwaka 2008 ikalifikisha onyo hilo kwa dawa za zamani, haloperidoli ikiwemo. Zinakakamaza mwili, zinaleta usingizi wa mchana na kuanguka, na zinaweza kuharibu umezaji. Sisemi kwamba hazina mahali pake. Upo wakati daktari ataona hakuna njia nyingine, kwa mgonjwa anayejihatarisha au anayehatarisha wengine, kwa dozi ndogo na muda mfupi. Lakini zisiwe hatua ya kwanza, na zisiendelee wiki baada ya wiki bila mtu kuuliza kama bado zinahitajika.

Njia nyingine imejaribiwa. Mwaka 2011 jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, lilichapisha utafiti wa Norwei uliohusisha wakazi 352 wa nyumba 18 za wazee, wote wakiwa na demensia ya kati au kali pamoja na tabia hizi tunazoziita ukorofi. Kundi moja liliendelea na matunzo ya kawaida. Kundi jingine lilipewa matibabu ya maumivu kwa hatua, kwa wiki 8. Fujo na mahangaiko katika kundi hilo vilipungua kwa asilimia 17 kulinganisha na wenzao, na matibabu yalipositishwa vikaanza kurudi. Na wengi wao walipewa dawa gani? Parasetamoli, ile ile inayouzwa kwenye kila duka la dawa kuanzia Kirumba hadi Buhongwa.

5. "Apewe akihitaji."

Ndivyo ilivyoandikwa parasetamoli ya mama baada ya hospitali. Mtu asiyejua kama leo ni leo ataomba dawa kwa njia gani? Katika siku kumi za kwanza alipewa mara mbili. Dawa ya mgonjwa wa demensia mwenye chanzo cha maumivu kinachojulikana ipangwe kwa saa, kama inavyopangwa dawa ya presha.

6. Lugha.

Wahudumu wenu vijana wametoka mikoa mbalimbali na wanazungumza Kiswahili kizuri. Wazee kadhaa hawakielewi tena. Dada wa usafi ni Msukuma wa Magu, na sidhani ni bahati tu kwamba yeye ndiye aliyejua.

Sasa nigeukie majibu ambayo nayatarajia, kwa sababu mengine nimekwisha kuyasikia.

Mtasema wahudumu ni wachache. Ni kweli, na nimewaona usiku wawili wakihangaika na wodi nzima. Lakini kumtazama mzee usoni wakati wa kumvisha hakuhitaji mtu wa ziada, kwa kuwa anavishwa hata hivyo. Tena hesabu iko upande wangu: mama alipokuwa akipigana alivishwa na watu watatu kwa nusu saa, na leo anavishwa na mmoja.

Mtasema makazi si hospitali. Sijawaomba mpasue mtu. Hospitali humwona mzee kwa dakika kumi, nanyi mnaishi naye, na tunazo hospitali za kumpeleka, kuanzia za wilaya hadi Bugando pale kilimani. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa mwenye miaka 60 na kuendelea, na hospitali zina dirisha la wazee. Kinachokosekana ni mtu wa kusema "huyu apelekwe", na wa kumweleza daktari alichokiona.

Mtasema fedha. Karatasi moja ya kipimo na vidonge vya parasetamoli ni vitu vya bei ndogo kuliko sindano, na kuliko mvunjiko uliochelewa. Nigusie hapa diklofenaki, dawa nyingine ya maumivu, kwa kuwa naona inatolewa kama peremende. Kwa mtu wa miaka 80 dawa za jamii hiyo zinaweza kutoboa tumbo, kuumiza figo na kuulemea moyo, na haifai mhudumu amchome mzee kwa sababu tu kopo la parasetamoli limeisha.

Mtasema, na hili nimeambiwa na mjumbe mmoja wa Bodi barabarani, kwamba nikianza habari za maumivu nitafikia morfini, na morfini ni ya kuulia. Wazee wengi hawataihitaji. Wapo watakaoihitaji, wenye saratani iliyoenea au mifupa isiyoweza kurekebishwa, na kwao morfini ya maji ya kunywa, ikianzwa kwa dozi ndogo chini ya daktari na ikiambatana na dawa ya kulainisha choo, ni tiba halali. Majirani zetu wa ng'ambo ya ziwa, Uganda, waliianza huduma hiyo mwaka 1993, na tangu 2004 sheria yao inawaruhusu hata wauguzi waliopata mafunzo maalumu kuiandika. Hofu yetu isiwe adhabu ya mtu anayekufa.

Kwa heshima, basi, naomba Bodi iamue yafuatayo, na iamue kwa maandishi.

Kwanza, kila faili la mzee mwenye demensia liwe na ukurasa wa maumivu unaojazwa kila zamu, akiwa ametulia na akiwa anasogezwa, na maneno "mkorofi" na "msumbufu" yasiandikwe pasipo kueleza saa, tendo na sehemu ya mwili. Mwenye kuujaza awe yeyote aliyemhudumia, dada wa usafi akiwemo.

Pili, mzee asianzishiwe dawa ya kutuliza kabla ya kukaguliwa mwili mzima na, daktari akiona inafaa, kujaribiwa parasetamoli kwa saa maalumu kwa siku kadhaa huku alama zake zikiandikwa. Zikishuka, jibu limepatikana. Zisiposhuka, tumefunga mlango mmoja kwa haki. Dozi aipange daktari kwa kuangalia uzito na ini, maana wazee wetu wengine hawafiki hata kilo 45. Na wale ambao tayari wanatumia dawa za kutuliza wapitiwe upya na daktari mwezi huu, asiachishwe mtu kwa ghafla.

Tatu, mwenye maumivu yanayojulikana apewe dawa nusu saa hadi saa moja kabla ya kuogeshwa na kuvishwa. Hili halina gharama yoyote zaidi ya kuangalia saa.

Nne, familia ziulizwe. Sisi tunajua baba yupi hunyamaza anapoumwa na mama yupi huimba. Mama yangu, tangu nikiwa mtoto, akiumwa husugua goti lake la kulia, hata kama kinachouma ni jino. Hakuna aliyetuuliza siku tulipomleta. Tuliulizwa nani atalipa na nani atazika. Kwa wasio na familia, wapo majirani na wenyeviti wa mitaa walikotoka.

Tano, katika kila zamu awepo angalau mtu mmoja anayezungumza Kisukuma, na kwa wazee waliotoka Ukerewe atafutwe wa kuwasikiliza kwa lugha yao.

Sita, kila anguko liandikwe siku hiyo hiyo na familia ipigiwe simu. Najua kwa nini maanguko hayaandikwi: anayeandika ndiye anayekatwa mshahara. Futeni adhabu hiyo, nanyi mtaanza kuyaona.

Naomba jibu la maandishi kabla ya tarehe 30 Juni. Lisipofika, nitaipeleka barua hii kwa mkono, pamoja na zile mbili za mwanzo na picha ya eksirei, katika ofisi ya Afisa Ustawi wa Jamii wa Mkoa tarehe 1 Julai saa mbili asubuhi, na ninayo nauli.

Mama yuko kitandani kwake, wodi ya wanawake, dirisha la pili. Bega halitarudi kuwa bega, ila anapata dawa yake saa kumi na mbili asubuhi, na wiki iliyopita aliimba kidogo. Nimemshonea magauni manne yanayofunguka mbele kwa vifungo, yenye mkono mpana wa kushoto, ambayo mhudumu anaweza kumvisha bila kuuinua mkono. Gauni la tano nimemwachia mhudumu wa zamu ya mchana kama kielelezo. Mkinipa vipimo vya wanawake wengine wenye mabega na viwiko vinavyouma, vitambaa nitatafuta mwenyewe sokoni Kirumba, na ushonaji sitatoza.

Wasalaam,

Mwalimu mstaafu, mtoto wa mama wa dirisha la pili